Pukuchua mapema, usimwachie dumuzi

Chukua hindi moja kihengeni, ugonge kwenye kiganja. Ukiona unga laini unadondoka, dumuzi, yule mdudu mdogo anayetoboa punje, ameshatangulia kula.

Sisi wa Tabora hatuhitaji kuhadithiwa habari zake. Asili yake ni Amerika ya Kati, na barani Afrika aliripotiwa kwanza hapa hapa kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakulima wakambatiza Scania, jina likashika. Zaidi ya miaka 40 imepita, na bado ikifika Novemba kuna kaya zinanunua unga ilhali Juni zilivuna vizuri tu.

Kosa kubwa ni kuhifadhi mahindi yakiwa kwenye magunzi. Punje iliyoshikwa na gunzi haitikisiki, kwa hiyo dumuzi anapata pa kujikita na kutoboa. Zilizopukuchuliwa zinamteleza. Najua kupukuchua magunia kumi kwa mkono si mchezo, na wazee wanasema mahindi hukaa vizuri na maganda yake. Kwa fukusi, mdudu mwingine wa nafaka, wana hoja. Kwa dumuzi, hapana.

Anika kwenye turubai, kisha pima kwa chumvi. Tia punje kwenye chupa kavu ya kioo, kama robo yake, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha juani. Isiponata, unyevu uko chini ya asilimia 15, lakini ghala linataka 13 hivi. Ongeza siku moja au mbili za jua.

Ukinunua mfuko wa kinga njaa, ule wa kuhifadhia nafaka bila kupitisha hewa, ile mifuko miwili ya plastiki ya ndani ipulize kwanza kama puto uone kama inavuja. Jaza, kamua hewa, funga kila mmoja peke yake. Wadudu waliobaki watakufa kwa kukosa hewa, bila dawa. Ila usiufungue kila wiki kuchota cha kupika: mahindi ya miezi miwili ya mwanzo yaweke kando kwenye gunia la kawaida.

Ghala lifagie, magunzi ya mwaka jana choma. Dumuzi hujificha hata kwenye miti ya kihenge, na makopa ya muhogo anayala vilevile.

Punje zenye ukungu zitoe zote, na kuku usiwape. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kuchemsha, na kuku pia inawadhuru.