Nyasi zipo, lakini ng'ombe anakonda: protini ya kiangazi kwa ng'ombe wa nyama wanaokua, Lubumbashi na viunga vyake

Mwezi wa saba, mfugaji wa njia ya Kasenga au wa Kipushi akiingia kwenye malisho yake anakuta nyasi zinamfika kiunoni. Zimekauka, lakini ni nyingi. Katikati yake maksai wa mwaka mmoja na nusu wanazunguka mchana kutwa, na kila wiki mbavu zinazidi kuonekana. Wengine husema ni minyoo, wengine husema ni baridi ya usiku. Minyoo ipo, na kwenye mwinuko wetu wa mita 1,200 hivi baridi ya mwezi wa sita na wa saba inauma kweli. Lakini mara nyingi kinachokosekana ni protini, na kuirudisha kunahitaji chakula kidogo kuliko watu wanavyodhani.

Mvua zetu zinaanza kushika mwezi wa kumi na moja na kukatika mwezi wa nne. Katika miezi hiyo nyasi hukua mbio, hutoa maua, hukomaa, kisha nitrojeni yake, ambayo ndiyo msingi wa protini, huhamia kwenye mbegu na mizizi. Jani linalobaki juu limekuwa mti mtupu. Nyasi changa za mwezi wa kumi na mbili huwa na protini ghafi ya 10% au zaidi katika uzito wake mkavu. Nyasi hizo hizo zikisimama hadi mwezi wa nane zinashuka hadi 3% au 4%.

Mpaka wa kuukumbuka ni 7%. Ng'ombe mwenyewe hana uwezo wa kuyeyusha nyasi ngumu. Kazi hiyo inafanywa na vijidudu vilivyo katika tumbo lake kubwa la kwanza, na vijidudu hivyo vinahitaji nitrojeni ili viishi na kuzaliana. Chakula kikiwa chini ya 7%, vinapungua, nyasi zinakaa tumboni siku nyingi bila kusagika, tumbo linajaa, na ng'ombe anaacha kula ilhali ana njaa. Ni kama mtu aliyewekewa bukari (ugali) kila siku bila mboga: sahani imejaa, mwili unaisha. Ndiyo maana mashudu kidogo, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, yanaleta mabadiliko makubwa. Yanalisha ng'ombe, lakini kwanza yanalisha vijidudu, navyo vinafungua nguvu iliyokuwa imefungwa ndani ya nyasi kavu ambazo tayari unazo.

Tufanye hesabu ya dume la kilo 200. Kwa siku anakula nyasi kavu kiasi cha kilo 5. Zikiwa na protini ya 4%, anapata gramu 200. Ili afike kwenye ule mpaka wa 7% anahitaji gramu 350, kwa hiyo ana upungufu wa gramu 150 kila siku. Nusu kilo ya mashudu ya soya yenye protini ya 44% ina gramu 220. Pengo limezibwa na kitu kidogo kimebaki cha kukuza misuli. Tena baada ya siku chache ataanza kula nyasi zaidi, kwa sababu tumbo sasa linafanya kazi. Kuanzia mwezi wa sita hadi mvua zitulie ni siku 150 hivi. Nusu kilo kwa siku ni kilo 75. Ni mfuko mmoja na nusu kwa ng'ombe mmoja kwa kiangazi kizima.

Kabla ya kununua chochote, nenda ukatazame mavi. Nalisisitiza hili kwa sababu halina gharama na halidanganyi. Mavi ya ng'ombe anayepata protini ya kutosha huanguka laini, hutandazika chini na kuacha kishimo kidogo katikati. Protini ikipungua huanza kusimama, tabaka juu ya tabaka. Ikipungua sana, mavi huwa magumu, yamepanda juu kwa pete zilizobebana, na ukiyavunja kwa kijiti unakuta vipande virefu vya nyasi ambavyo havikuguswa. Tazama mavi mabichi ya asubuhi, ya ng'ombe kumi hivi wa rika moja, usiamue kwa mmoja. Ukishaanza kulisha, rudi uyatazame tena. Katika muda wa wiki moja hivi yanakuwa yamebadilika, muda mrefu kabla mgongo haujaonyesha kitu. Yasipobadilika, ama kiasi hakitoshi, ama wakubwa wanawanyang'anya wadogo, ama tatizo ni jingine na hapo umwite daktari wa mifugo.

Sasa protini yenyewe ipatikane wapi? Mashudu, ambayo wauzaji wa mjini wanayaita turto, ndiyo njia fupi: ya soya, ya karanga, ya alizeti, ya pamba. Ya soya na ya karanga ndiyo mazito, 40% na zaidi. Ya alizeti na ya pamba hutegemea kama maganda yalitolewa, kwa hiyo hushuka hata chini ya 30%. Mashudu ya karanga yanapata ukungu haraka, na sumu ya ukungu huo inaharibu ini. Fungua mfuko, nusa, vunja bonge uangalie ndani. Ukiona rangi ya kijani au nyeusi, usinunue hata kwa nusu bei. Mashudu ya pamba usiwape ndama wachanga ambao bado wananyonya.

Unaponunua, usilinganishe bei ya mfuko na mfuko. Linganisha bei ya protini. Mfuko wa kilo 50 wa mashudu ya soya una kilo 22 za protini. Mfuko wa kilo 50 wa pumba za mahindi una kilo 5 na nusu. Kwa hiyo mfuko mmoja wa mashudu unalingana na mifuko minne ya pumba, na ikiwa bei yake haijafika mara nne ya bei ya pumba, mashudu ndiyo rahisi, hata kama faranga zinazotoka mfukoni siku hiyo zinatisha. Pumba zina shida nyingine tena. Wanga wake ukizidi, vijidudu vinavyoyeyusha nyasi vinazidiwa na vile vinavyokula wanga, na nyasi zinazidi kubaki tumboni. Kwa dume la kilo 200 nisingevuka kilo moja kwa siku, na hata hiyo moja iende pamoja na mashudu.

Walio karibu na mji wana bahati ya machicha ya kiwanda cha bia. Yakikaushwa yana protini inayokaribia 25%, ila yanapotoka kiwandani karibu robo tatu ni maji. Kwa hiyo ukitaka zile gramu 220, mpe kilo 4 za mabichi. Yanachacha na kuoza baada ya siku mbili tatu za jua. Anayeweza kuyachukua mara moja tu kwa wiki ayashindilie kwenye pipa, atoe hewa yote, afunike kwa plastiki na kuweka mzigo juu. Kama lori ni la kukodi na shamba liko mbali, piga hesabu kwanza ya maji unayolipia usafiri.

Na wasio na pesa kabisa? Wanayo protini, ila wanaichoma. Karanga zinapong'olewa mwezi wa tatu na wa nne, majani yake bado ni mabichi na yana protini ya 10% au zaidi. Watu huchuma karanga na kuacha majani shambani yapigwe na jua hadi yapukutike, kisha moto wa mwezi wa nane unapita. Yakusanye siku ile ile, yaanike juu ya chanja au kivulini, yageuze taratibu ili majani yasidondoke, kisha yaweke chini ya paa. Kilo 2 kwa siku zinatoa zile zile gramu 200 hivi. Ni kilo 300 kwa ng'ombe mmoja kwa kiangazi, na ni mzigo mkubwa, kwa hiyo wapewe ndama walioachishwa ziwa kwanza. Majirani wengi watakuachia yao bure, au kwa kubadilishana na mbolea ya zizini. Majani ya kunde na ya viazi vitamu yanafanya kazi hiyo hiyo.

Urea nitaieleza kwa kirefu, kwa sababu ndiyo rahisi kuliko vyote na ndiyo inayoua. Ni mbolea ile ile ya kukuzia mahindi, yenye nitrojeni ya 46%. Si NPK, na asikwambie mtu kwamba ni kitu kimoja. Vijidudu vinaigeuza kuwa protini, lakini vinahitaji nguvu wakati huo huo, kwa hiyo urea haipewi peke yake. Mchanganyiko wa kulambwa unaofaa, kwa kila kilo 100, ni chumvi kilo 30, pumba za mahindi kilo 25, mashudu kilo 20, fosfati ya kalsiamu ya mifugo kilo 14, urea kilo 10 na salfa kilo 1. Chumvi hapo ni breki: inamzuia ng'ombe asile mengi kwa mkupuo. Dume la kilo 200 alambe gramu 300 kwa siku, basi. Wiki mbili za kwanza weka nusu ya urea ili tumbo lizoee. Saga mabonge yote, changanya mara tatu kwa koleo, na usiwawekee ng'ombe wenye njaa. Waanze na nyasi. Ndama wa chini ya miezi sita, farasi, punda na nguruwe wasikaribie hori hilo. Soya mbichi iliyosagwa usiichanganye na urea kamwe, kwa sababu ndani ya soya mbichi kuna kimeng'enya kinachoigeuza urea kuwa amonia kwa kasi.

Hori la urea liwe na paa, na chini litobolewe matundu. Mvua za kwanza za mwezi wa kumi huja ghafla. Maji yakituama horini urea inayeyuka humo, ng'ombe anakunywa, na ndani ya saa moja anatetemeka, anatoa povu, tumbo linavimba, anaanguka. Kinachosaidia ni siki na maji baridi mengi, kwa dume wa kilo 200 kama lita 2 za siki, anyweshwe taratibu yasiingie mapafuni, huku daktari akiitwa. Asiye na mtu wa kukagua hori kila siku, ushauri wangu ni aiache urea na abaki na mashudu.

Mashudu yana urahisi ambao wengi hawautumii. Si lazima yatolewe kila siku. Mwili wa ng'ombe huirudisha nitrojeni ya ziada tumboni kwa njia ya mate, kwa hiyo kilo 3 na nusu za wiki unaweza kuzigawa mara tatu, mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na matokeo yakawa karibu sawa. Mchungaji anapumzika, na dume mnyonge anapata fungu lake kwa sababu chakula kikiwa kingi horini wababe hawakimalizi upesi. Mpe kila mmoja nafasi ya nusu mita ya hori. Lakini hili ni la mashudu peke yake. Urea na pumba nyingi haziruki siku.

Haya yote hayana maana kama nyasi zimeungua. Mashudu bila nyasi kavu ya kufunguliwa ni pesa iliyotupwa. Mwezi wa tano, wakati chini bado kuna unyevu, zungusha malisho kwa mkanda wa mita 10 uliofyekwa na kuchomwa kwa uangalizi, na zungumza na wachoma makala na wawindaji wa upande wako kabla ya mwezi wa saba. Na maji yawe karibu: ng'ombe anayekula vikavu anahitaji lita 25 hadi 40 kwa siku, la sivyo atakataa na hayo mashudu.

Lengo lako lisiwe kubwa mno. Kiangazi, kuongezeka uzito wa gramu 200 au 300 kwa siku kunatosha kwa maksai, maana ng'ombe aliyevuka bila kupoteza mwili hukua kwa kasi mvua zikirudi, tena kwa nyasi za bure. Mitamba ndio wasicheleweshwe, kwa kuwa wanatakiwa kufikia karibu 65% ya uzito wa ng'ombe mkubwa kabla ya kupandwa. Pima kifua kwa utepe kila mwezi ili ukadirie uzito, na uandike.

Kwa miaka inayokuja, panda mikunde ndani ya malisho. Udongo wetu ni wenye asidi, na lusina huusumbukia. Stylosanthes guianensis inauvumilia vizuri. Uliza mbegu kwenye kituo cha INERA (taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo) cha Kipopo, na ukiweza upate aina ya CIAT 184 inayohimili ugonjwa wa chule. Kilo 3 au 4 kwa hekta, mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili, kwenye mistari iliyokwaruzwa kwa jembe. Mwaka wa kwanza usilishe mapema, iache itoe mbegu.

Mvua zikianza, usikate mashudu siku ya kwanza ya kijani. Majani ya mwanzo yana maji mengi na ng'ombe huyakimbilia mbali, anachoka kuliko anavyoshiba. Endelea wiki mbili au tatu, ukipunguza polepole. Kisha ondoa mashudu na urea, uache chumvi na fosfati horini: wakati wa mvua nyasi zetu hazina shida ya protini, zina shida ya fosforasi.