Bloku za ziada kwenye WordPress: mfano wa tovuti ya nyumba ya wageni Jambiani

Tangu toleo 5.0 la Desemba 2018, WordPress, mfumo wa kutengeneza tovuti, hujenga ukurasa kwa bloku: aya ni bloku, picha ni bloku, safu nazo ni bloku. Zile zinazokuja nayo zinafanya mengi kuliko watu wanavyodhani. Kabla ya kupakua chochote, andika kwenye karatasi ukurasa unatakiwa ufanye nini, kisha jaribu kwanza kwa zilizopo.

Tuchukue nyumba ya wageni ya vyumba sita, Jambiani, Zanzibar. Picha kubwa ya ufukwe yenye jina juu yake ni kazi ya bloku ya Jalada. Maswali ya wageni, yaani maji yanakupwa saa ngapi, usafiri kutoka bandari ya Malindi mjini Zanzibar, ile bima ya lazima kwa wageni wa kigeni iliyoanza Oktoba 2024, yanaweza kufichwa na kufunuliwa kwa bloku ya Maelezo, ambayo imo tangu toleo 6.3. Kinachobaki ni vitu vitatu: bei za misimu katika vichupo (tabs), kadi za vyumba zinazopangwa tofauti kwa kila kifaa, na fomu ya kuulizia nafasi. Kwa vitu hivyo vitatu ndiyo tunahitaji plagini, yaani programu ya nyongeza.

Chagua plagini moja tu yenye mkusanyiko wa bloku. Kadence Blocks na Spectra zina vichupo na fomu hata kwa wasiolipa. GenerateBlocks ina bloku chache na nyepesi, lakini inakudai uvumilivu wa kuzipanga mwenyewe. Ukiweka mikusanyiko miwili, kila mmoja utaleta CSS (kodi ya mwonekano) na skripti zake, na mgeni anayefungua tovuti kwa bando la simu ndiye atakayelipa. Kwenye ukurasa wa plagini angalia tarehe ya sasisho la mwisho, toleo la WordPress iliyojaribiwa nalo, na toleo la PHP (lugha inayoendesha WordPress kwenye sava) inalohitaji. Iliyokaa mwaka mzima bila kuguswa, iache.

Kabla ya kusakinisha, chukua bekapu ya faili pamoja na hifadhidata. Watoa huduma wengi wa sava wanakuwezesha kutengeneza nakala ya majaribio ya tovuti. Ukiwa nayo, fanyia kazi huko. Kisha ingia dashibodi, fungua menyu ya plagini, tafuta jina, sakinisha, washa. Ukirudi kwenye ukurasa, andika alama ya mkwaju (/) kwenye mstari mtupu ukifuatisha jina la bloku, nayo itajitokeza. Ni haraka kuliko kupekua orodha nzima. Orodha yenyewe sasa imekuwa ndefu, basi nenda mapendeleo ya kihariri, sehemu ya bloku, uondoe tiki kwa usizozihitaji. Mapendeleo haya ni ya kila mtumiaji, kwa hiyo yaweke pia kwenye akaunti ya mwenzako wa mapokezi anayebadilisha bei: hana haja ya kukutana na bloku ya kuhesabu siku kurudi nyuma.

Kadi za vyumba ndizo zinazowachosha wengi. Bloku ya Safu ya WordPress hujipanga kuwa safu moja skrini ikiwa na upana wa pikseli 781 kushuka chini. iPad nyingi za zamani zikisimamishwa wima zina 768, kwa hiyo mwenye tableti kama hiyo anaona kadi moja moja, kubwa kupita kiasi. Bloku ya mistari ya Kadence inakuruhusu kuweka mpangilio kwa kila kifaa: tatu kwenye kompyuta, mbili kwenye tableti, moja kwenye simu. Acha nafasi ya pikseli 24 kati ya kadi. Picha zote ziwe na uwiano mmoja, tuseme 4 kwa 3, upana pikseli 1200, na uzito usiozidi kilobaiti 200. Picha moja ikiwa wima na nyingine ulalo, vitufe vya chini havitakaa mstari mmoja, na hapo mtu huanza kulaumu plagini bure.

Rangi usichague kwa jicho ndani ya kila bloku. Ziweke kwenye mitindo ya tovuti, kisha kwenye bloku uchague kutoka paleti hiyo. Siku mwenye nyumba akitaka buluu ya bahari badala ya kijani, unabadilisha mahali pamoja.

Vichupo vinafaa kwa bei: kimoja cha Juni hadi Oktoba, kimoja cha masika, na kadhalika. Lakini bei ya kuanzia iweke nje, palipo wazi. Wageni wengi hawabonyezi kichupo cha pili.

Sasa fanya jaribio ambalo wengi hulikwepa. Kwenye nakala ya majaribio, zima plagini na utazame ukurasa. Maneno ya kadi kwa kawaida hubaki lakini bila mpangilio. Fomu na bloku nyingine zinazojengwa na sava kila ukurasa unapofunguliwa hutoweka. Ukifungua kihariri utaambiwa bloku haitambuliki, ukipewa nafasi ya kuiweka kama HTML au kuiondoa. Usibonyeze chochote kati ya hivyo. Washa plagini tena na kila kitu hurudi. Kama bloku inadai ina maudhui yasiyotarajiwa, mara nyingi mtu aligusa msimbo wake (code) kwa mkono au plagini imesasishwa: bonyeza kurejesha, na isipokubali, rudi kwenye toleo la awali la ukurasa. Badiliko lisipoonekana kabisa, futa kache (nakala za muda za ukurasa) kwanza.

Fomu ina mtego wake. Inaweza kusema "imetumwa" na barua isifike, kwa sababu sava imeituma bila uthibitisho na Gmail ikaitupa kwenye taka. Sakinisha plagini ya SMTP (njia ya kutuma barua pepe kwa akaunti iliyothibitishwa), iunganishe na anwani ya barua pepe ya hoteli, jitumie ujumbe wa majaribio mara mbili. Pembeni weka kitufe cha WhatsApp chenye kiungo cha wa.me/ kikifuatiwa na 255, msimbo wa Tanzania, na tarakimu tisa za namba, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mwanzo. Sifuri hiyo ikibaki, kitufe kitafunguka vizuri, kisha WhatsApp itamwambia mgeni namba si sahihi.