Ukifundisha wanafunzi kliniki, andika usainiwe
Wenzangu wa usafi wa meno hapa Mombasa mnaotaka digrii ama kazi ya ualimu chuoni, kila ukimwonyesha mwanafunzi wa atachmenti kitu, hata kushika skela tu, kile chuma cha kukwangua ukoga kwenye meno, na vile kidole cha pete kinaegemea jino isije ikateleza ikachoma ufizi, andika daftarini siku hiyo hiyo, tarehe, somo, wanafunzi wangapi, halafu supavaiza asaini. Kwa intavyu wakikuuliza umefundisha wapi unafungua tu wasome. Ukingoja miezi uandike yote mara moja na kalamu moja watakushtukia, na kama kozi yataka diploma na huna, daftari haliwezi kukuingiza. Majina ya wagonjwa usiweke kabisa jamani.