Kabla ya Kununua Runinga ya OLED kwa Nyumba ya Tanga

Kabla hujaenda dukani kuulizia bei, chukua wiki moja uandike runinga uliyonayo huwashwa saa ngapi kwa siku na hukaa kwenye chaneli zipi, kwa kuwa uimara wa kioo cha OLED hutegemea mno namna kinavyotumiwa. Katika kioo hicho kila nukta ya picha hujiwakia yenyewe kwa kemikali ambazo hufifia kadiri zinavyowaka, na za rangi ya buluu ndizo huchoka mapema. Nembo ya chaneli au ubao wa magoli ukikaa kwenye pembe ileile kwa miezi mingi, nukta za hapo huchakaa kuliko jirani zake, na kivuli chake hubaki hata ukibadili chaneli.

Familia ya Chumbageni inayotazama habari, tamthilia na mpira kwa saa 5 kila siku hufikisha saa 1,825 kwa mwaka. Kibanda umiza cha Ngamiani kikiwasha chaneli moja ya michezo kwa saa 15, hufikisha saa 5,475, yaani hula miaka mitatu ya familia ile ndani ya mwaka mmoja. Familia hiyo ningeishauri inunue, kwani tangu Sony ilipouza OLED yake ya inchi 11 mwaka 2007 watengenezaji wamejifunza kufifisha nembo zisizosogea na kuihamisha picha kidogo kidogo bila mtazamaji kutambua. Mwenye kibanda abaki na LED ya kawaida, ambayo kioo chake huangazwa na taa za nyuma.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni mazoea yetu ya kuzima swichi ya ukutani kila usiku. Runinga nyingi za OLED, zikishatumika kwa jumla ya saa 4 hivi, husubiri zizimwe kwa rimoti ndipo zijipime na kusawazisha nukta zilizochoka, kazi ya dakika chache ambayo haifanyiki pasipo umeme. Nunua basi kifaa cha kuilinda na umeme unaopanda na kushuka, kisha uiache swichi ya soketi ikiwa imewashwa. Radi za masika zikianza kunguruma, hapo chomoa.

Upepo wa chumvi wa Raskazone hauchagui aina ya kioo. Kemikali za OLED zimefungiwa ndani zisiguswe na unyevu wala hewa, lakini saketi na matundu ya waya yaliyo nyuma hushika kutu kama ya runinga nyingine yoyote, kwa hiyo usiiweke mkabala na dirisha la baharini. Dirisha hilo, isitoshe, huleta mwanga unaoua ule weusi mzito wa picha za OLED unaoulipia. Wanaotazama zaidi mchana, mapazia yakiwa wazi, watafaidi kidogo.

Ukiamua kununua iliyotumika, nenda na flashi yenye picha tupu za kijivu na nyekundu, uzijaze kioo kizima na kukagua pembe kwa makini. Kwa mpya, soma mwenyewe karatasi ya dhamana uone kama alama za kudumu zimetajwa, usiridhike na maneno ya muuzaji. Wakati wa kuisafirisha isimame wima ndani ya boksi lake, kwa maana kioo ni chembamba mno kulazwa kwenye bajaji.