Somo: Muundo na kazi, tukiangalia mizizi ya mikoko

Wengi wenu mmekariri kwamba muundo wa kiungo huendana na kazi yake, mkaulizwa kwenye mtihani, mkapata alama, basi. Leo tuingie matopeni. Walio Lamu wavuke Manda. Walio Malindi waende Mida.

Hatua ya 1. Ngojea bamvua, maji yakiwa yamekupwa. Vaa viatu vya kufunga, chaza wanakata.

Hatua ya 2. Tafuta mchu, mmoja wa miti ya jamii ya mikoko. Chini yake vijiti vimechomoza topeni kama penseli. Ni mizizi, ila inaota kwenda juu! Usikimbilie jina lake, kwanza jiulize mti una shida gani. Fukua tope kidogo: jeusi, linanuka yai viza. Harufu hiyo hutokana na bakteria wanaoishi bila oksijeni. Mzizi nao ni tishu hai, bila oksijeni utakufa.

Hatua ya 3. Okota kijiti kilichokwisha kuvunjika (msikate, tafadhali). Kipasue kwa wembe. Ndani kuna nafasi tele za hewa. Kiminye ndani ya maji uone mapovu. Kwenye ganda kuna vidoa vidogo, lentiseli. Sasa una dhana: hewa huingia pale, ikashuka mpaka chini. Lakini umbo peke yake halithibitishi kitu, na hapa ndipo vitabu vingi huharakisha. Mwaka 1955 mwanasayansi Scholander na wenzake walipaka grisi kwenye lentiseli za mizizi ya mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyojipinda kutoka shinani, na oksijeni ikapungua kwenye mizizi iliyo topeni. Huo ndio ushahidi.

Hatua ya 4. Lamba jani la mchu: chumvi. Lamba la mkoko: hakuna. Mchu huitoa chumvi kwa tezi za majani; mkoko huizuia sehemu kubwa mizizini. Maji ni yale yale.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Ile mizizi ya mkoko iliyojipinda kutoka shinani, ni ya kushikilia mti au ya kupumulia?*
Marahaba. Yote mawili. Kiungo hakifungwi na kazi moja.

*Kwa hiyo mti uliona hewa haifiki, ukaamua kuotesha mizizi juu?*
La. Mti hauamui. Miti iliyokuwa na mizizi iliyopata hewa zaidi kidogo ilizaa zaidi, vizazi kwa vizazi. Mtihanini usiandike "ili ipumue" ukaishia hapo.

*Babu alikata boriti za mkoko, na mchu akiuacha. Ni kwa sababu ya hizo nafasi za hewa?*
Hizo ni za mizizini, mwanangu. Shina la mchu lina jambo jingine: matabaka ya mbao yanapishana na matabaka laini yanayosafirisha chakula. Kama hayo ndiyo sababu, sijui babu angesemaje, lakini kupima ni rahisi. Chukua fito mbili kavu za unene mmoja, moja ya mchu na moja ya mkoko, zitundikie uzito ule ule katikati, uangalie ipi itapinda kwanza. Tuletee majibu hapa.