Umeumwa na mbwa wa mtu Arusha: namna ya kudai fidia

Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri kuona kama mbwa ana kichaa, chanjo ianze. Pitia polisi uchukue PF3 (fomu ya polisi ambayo daktari huijaza kuhusu jeraha), ila ukiwa na hali mbaya, matibabu yatangulie. Hakikisha daktari ameeleza jeraha lilipo na ukubwa wake. "Ameumwa na mbwa" peke yake haimsaidii hakimu.

Mbwa asiuawe kwa hasira. Afungwe, ofisa mifugo amwangalie kwa siku 10.

Madai mengi huangukia kwenye ushahidi. Lazima uonyeshe mbwa ni wa nani, na kwamba mwenyewe alizembea: geti bovu, mnyororo uliokatika, au mbwa aliyewahi kuuma na majirani wakalalamika kwa mwenyekiti wa mtaa. Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, maana hawezi kusema hakujua. Geti lipige picha leo. Kesho litakuwa limeshachomelewa. Kibao cha "Mbwa Mkali" hakimkingi kama uling'atwa barabarani, ila ukiwa uliruka ukuta au ulimchokoza mbwa, dai lako linadhoofika.

Tunza risiti za sindano na nauli. Mwandikie mwenye mbwa barua ya madai, taja kiasi, mpe siku 14. Akikaa kimya, fungua kesi ya uzembe mahakama ya wilaya kabla ya miaka 3 kupita. Jinai ni njia nyingine: kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu humbana asiyechukua tahadhari juu ya mnyama wake.