Jinsi ya kufuatilia asili ya "mum", neno la Kiingereza la kukaa kimya

Magazeti ya Kiingereza ya Afrika Mashariki hupenda kuandika kwamba waziri fulani "kept mum", yaani amefyata ulimi. Msomaji anayejua "mum" ya mama peke yake hukwama hapo. Mbinu hii inafaa pia kwa "hush" na "whist", maneno mengine ya kunyamazisha.

Hatua ya 1: Nakili sentensi nzima. Neno peke yake halitoshi.

Hatua ya 2: Fungua kamusi mbili. Etymonline ni ya bure na inatosha kuanzia. Ya pili ni Middle English Dictionary ya Chuo Kikuu cha Michigan, nayo ni bure, na inashughulikia Kiingereza cha takriban mwaka 1100 hadi 1500. Oxford English Dictionary inazipita zote mbili, lakini hulipiwa. Uliza maktaba ya chuo chako. Tovuti za "je, wajua" ziache kabisa. Hazitaji mwaka wala maandishi ya zamani, na huwezi kuzihakiki.

Hatua ya 3: Tenganisha homonimu, yaani maneno yanayoandikwa sawa lakini yenye maana tofauti. Hapa ndipo kazi huharibika, kwa hiyo usiharakishe. Tahajia "mum" ni ya maneno kadhaa yasiyo na undugu:

- "mum" ya mama ni kifupi cha "mummy", na ilienea katika karne ya 19;
- "mum" ya maua ni kipande cha mwisho cha "chrysanthemum", neno lenye asili ya Kigiriki;
- "mum" ya bia ilitoka Braunschweig, Ujerumani, ambako huitwa Mumme;
- "mum" ya kimya ni tanakali ya sauti: funga midomo ujaribu kusema, utasikia mmm.

Kuna pia "mummy", maiti iliyokaushwa, kutoka Kiarabu mumiya, na nyuma yake Kiajemi mum, nta. (Mumiani wetu ametoka huko huko.) Haihusiani na kimya, hata kama maiti haisemi.

Ukitaka kujua uko kwenye neno lipi, angalia aina ya neno na jirani zake. Ya kimya huja baada ya "keep" au "stay" bila kimilikishi; ikitanguliwa na "my" au "her", huyo ni mama. Jihadhari na utani. Bango la serikali ya Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili lilisema "Be like Dad, keep Mum", likichezea maana zote mbili. Utani wa namna hiyo hauthibitishi asili, ingawa wapo wanaoutumia kama ushahidi.

Hatua ya 4: Tafuta kwa tahajia za zamani. Andika "mom" pia. Utafika kwa mshairi Mwingereza William Langland, karne ya 14, katika shairi lake Piers Plowman: ni rahisi kupima ukungu wa vilima vya Malvern kuliko kupata "mom" kinywani mwa mawakili kabla hawajaona pesa. Soma tena. Hapo neno ni mguno mdogo kabisa, sauti ya mdomo uliofungwa. Anayeishia kuguna hivyo hasemi kitu, na maana ya kimya ikazaliwa hapo. Kwa Shakespeare, katika sehemu ya pili ya Henry VI, mtu anajiambia azibe midomo asitoe neno ila "mum".

Hatua ya 5: Andika tarehe kwa tahadhari. Mwaka unaotajwa na kamusi ni wa maandishi ya kwanza yaliyopatikana. Watu walianza kulitamka kabla ya hapo.

Hatua ya 6, ya hiari: Ngram Viewer ya Google, chombo cha mtandaoni kinachohesabu maneno katika vitabu vilivyochapishwa. Inafaa kuona kupanda na kushuka kwa matumizi, lakini asili haiwezi kukupa. Kwa "mum" itachanganya mama, maua na kimya, hivyo tafuta "keep mum" kwa pamoja. Ukipima "silence", kumbuka kwamba hadi karibu mwaka 1800 wachapaji walitumia s ndefu inayofanana na f, na kompyuta mara nyingi huisoma "filence". Tafuta zote mbili, la sivyo utadhani Waingereza wa karne ya 18 hawakulijua neno hilo.